Réal Yuko Chini ya Fisimaji

"Edmée, hivi Réal wenu mtamtoa kabla hawajazima mitambo, au mtamwacha ashuke na maji?"

Ndivyo jirani yake Alphonsine Daigle alivyomuuliza, Jumapili ya Kwaresima, kwenye ngazi za kanisa la Rivière-Caron, huku akikaza kitambaa chini ya kidevu ili baridi isimwingie masikioni. Aliuliza kwa upole, kama mtu anavyouliza habari za mguu wa mwenzake. Alphonsine ni mwanamke mwema. Tangu Januari alikuwa ameibana kifuani siri ambayo mji mzima uliibana, na kwa mwanamke kama yeye hiyo ilikuwa sadaka kubwa kuliko kuacha nyama mpaka Pasaka.

Edmée Nadeau, mjane wa huyo Réal, alimtazama bila kupepesa. "Réal yuko kwenye chumba cha mawe nyuma ya kanisa," alisema. "Nimetoka kumwombea sasa hivi."

"Basi nimemchanganya na mwingine."

"Mwingine yupi anayeshuka na maji?"

Alphonsine alikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Kwa umri wake, na kwa theluji ilivyoganda siku ile, aliondoka kwa kasi ya kusifiwa.

Kwetu anayekufa Januari hazikwi Januari. Ardhi inakuwa chuma. Ukiipiga kwa sururu, inayovunjika ni sururu. Wafu wa majira ya baridi huwekwa kwenye chumba cha mawe, wenye majeneza na majeneza yao, wenye majivu na mitungi yao, wakingoja Mei. Ndipo Padre huwazika mfululizo, na sisi tulio hai tunakula keki za msiba mpaka tunazichukia. Réal alikufa baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu. Alichomwa kwenye mji mkubwa kama alivyotaka, mwanawe Gaétan akaleta mtungi, Padre akaunyunyizia maji ya baraka, na kuanzia hapo Edmée akawa anakwenda kila alasiri kusimama mbele ya mlango wa kile chumba, rozari mkononi, theluji magotini. Alikuwa anasali kwanza, halafu anampa mumewe habari za nyumbani.

Sasa maji ya kushuka nayo ni yapi? Rivière-Caron nzima ilikuwa ikingoja maji ya mahali pamoja tu: ukumbi wa barafu, ambao mitambo yake ya kugandisha ilikuwa karibu kuzimwa, nyumbani kwa Fisimaji, timu yetu ya magongo ya barafuni, iliyokuwa imekufa mwisho wa Februari bila hata kupakwa mafuta.

Historia ya Fisimaji ni tukufu kwa yeyote asiyeijua. Ilianzishwa na wenye kiwanda cha karatasi, mwaka ambao wafanyakazi walianza kunong'onezana habari za chama cha kutetea haki zao. Mabwana waliona ni nafuu kuwapa watu magongo kuliko kuwaongeza mshahara. Ilicheza katika ligi ambayo mchezaji akishuka kutoka humo hana tena pa kushukia. Kombe ililitwaa mara moja, mwaka ambao basi la wapinzani lilinasa kwenye theluji kilimani likashindwa kufika. Tuliandamana barabarani kwa ushindi ule, na bendi ya kanisa mbele. Darini ilining'inizwa jezi ya Rosaire Cyr, na namba yake ikakatazwa mtu mwingine kuivaa milele, kwa sababu Rosaire aliwahi kuitwa kwenye ligi kubwa kwa mechi moja. Alikaa benchi tangu mwanzo hadi mwisho, lakini alikaa vizuri. Kiwanda kilipochoka kiliiuza timu kwa muuza mazulia. Muuza mazulia akamwuzia mjenzi wa mabwawa ya kuogelea, na huyo wa mabwawa, katikati ya msimu, akaenda Florida kupumzika na hakupata nafasi ya kurudi. Wachezaji walikuta kufuli mlangoni, na wengine walikuwa wameacha viatu vyao vya kutelezea ndani.

Edmée alifika nyumbani akiwa ameunganisha mambo haya mawili, maji na mumewe, na hakupenda yalivyoungana.

Gaétan alikuwa mezani akila chapati za ngano nyeusi kwa sharubati tamu ya utomvu wa mti. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari la kulainisha barafu pale ukumbini, na tangu kufuli lile alikuwa akiendesha uma tu. Mkewe Lisette, anayefua mashuka ya hospitali, na ambaye kwa wakati ule mshahara wake ndio uliokuwa mshahara wa nyumba, alikuwa kwenye sinki.

"Gaétan," Edmée alisema bila kuvua koti. "Baba yako yuko wapi?"

Gaétan alitafuna kwa muda mrefu kuliko chapati ilivyohitaji. "Nani amekuambia?"

"Sikukuuliza nani ameniambia."

"Ni Alphonsine," Lisette alisema bila kugeuka. "Nilikwambia atakuwa Alphonsine. Wewe ukabisha, oo, atakuwa Lucien wa bucha."

"Na Lucien anahusikaje?"

Hapo Gaétan akaweka uma chini. Alieleza huku akiitazama chupa ya sharubati, kana kwamba ndiyo inayomhoji. Baba alimshika mkono hospitalini. Alisema hataki kutiwa kwenye chumba cha mawe na kina Thibodeau, hakuwapenda wakiwa hai, atawapendaje wakiwa wamenyamaza. Alisema awekwe katikati ya barafu, chini ya picha ya Fisimaji, mpaka mwisho wa msimu. Mei azikwe kama Mkristo, hilo hakulikataa.

"Mpaka mwisho wa msimu," Edmée alisema.

"Alikuwa amelipia kiti cha msimu mzima, Mama."

"Ukakubali."

"Alikuwa anakufa. Ningemwambia nini? Nikamwambia sawa. Halafu akafa, na mimi nimeshasema sawa."

Barafu ya ukumbini unene wake ni vidole viwili tu. Mtungi haukai humo. Kwa hiyo Gaétan alimpelekea Lucien wa bucha majivu ya baba yake, na Lucien, aliyekaa kiti cha jirani na Réal maisha yao yote, akayatandaza ndani ya mfuko mpana wa plastiki, akaunyonya hewa na kuuziba kwa mashine anayozibia nyama ya kulungu wakati wa mawindo. Ukatoka bapa kama ubao. Alfajiri moja Gaétan alichonga barafu katikati ya uwanja, akauingiza mfuko chini ya nguo iliyochorwa Fisimaji, ile iliyogandishwa humo kuwa alama ya timu, akamwaga maji, yakaganda, akapitisha gari juu yake. Alipitisha polepole, alisema. Kwa heshima.

"Na kwenye mtungi kuna nini?"

Gaétan alimtazama mkewe. Mkewe aliitazama sufuria.

"Mchanga."

"Mchanga gani?"

"Wa manispaa. Ule wanaomwaga barabarani magari yasiteleze."

Edmée alivuta kiti akakaa na koti lake.

"Nimeuambia mambo yangu yote," alisema. "Nimeuambia nimeuza bunduki yake. Nimeuomba msamaha."

*

Jioni alikwenda kwa Padre Fournier, maana hakuona jinsi ya kupokea ekaristi na mchanga wa manispaa moyoni. Padre alimsikiliza, mikono ndani ya mikono ya kanzu. Hakushangaa popote. Hata pale pa mashine ya kulungu hakushangaa, na hapo mtu yeyote angeshangaa.

"Padre," Edmée alisema, "ulijua."

"Kuna mambo, mama, ambayo mtu huyasikia akiwa mahali ambapo hana mdomo."

"Lucien alikuja kuungama."

"Sikukuambia hivyo."

"Na ukaunyunyizia ule mtungi maji ya baraka kila Jumapili, uso umekaza namna ile."

"Ilikuwa vigumu," Padre alisema. "Nilimwomba Mungu aielekeze baraka kule inakotakiwa. Si mbali. Ni mtaa wa pili."

Edmée akaelewa basi kwa nini msimu ule Padre alikuwa akionekana kwenye kila mechi, na kwa nini wimbo wa taifa ulipopigwa alikuwa akifanya ishara ya msalaba kuelekea katikati ya uwanja. Watu walidhani anaiombea timu. Walimshukuru hata, kwa sababu tangu Réal alipoingia chini ya barafu Fisimaji walishinda mechi kadhaa mfululizo, jambo lililowatisha hata wachezaji wenyewe. Katikati palikuwa na kinundu kidogo, na mwamuzi alipodondosha kile kisahani cheusi cha mchezo, daima kiliruka upande wetu.

"Mei nitazika nini, Edmée?" Padre aliuliza.

"Utamzika Réal. Si mchanga, na si nusu yake."

"Basi aje. Mahali pake pako tayari. Lakini mimi siwezi kwenda kuvunja kufuli la mahakama."

*

Kufuli la mahakama lilikuwa mikononi mwa Bwana Whitcomb, mfilisi, aliyeletwa na mahakama kutoka mji mkubwa kuja kuuza mabaki ya timu na kuwagawia wadai. Alikuwa kijana msafi mwenye viatu vya ofisini visivyojua theluji, na lugha yetu aliizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: kila neno alilipima kwanza.

Edmée alimkuta kwenye kibanda cha tikiti, amezungukwa na magongo yaliyofungwa kwa kamba kama kuni. Gaétan alisimama nyuma ya mama yake na kofia mkononi. Mahali pale pale alipofanya kazi ujana wake wote sasa aliingia kwa kubisha hodi.

"Kila kilichomo ndani ya milango hii," Bwana Whitcomb alisema, "ni mali ya wadai."

"Mume wangu anadaiwa nini?"

"Sikusema anadaiwa, bibi."

"Basi mtoe."

Bwana Whitcomb aliomba radhi, na aliomba kwa dhati. Mtu hawezi kumsingizia. Alieleza kwamba asiyekuwa mdai lazima athibitishe kuwa kitu ni chake. Je, kuna risiti?

"Nina cheti cha ndoa."

Alifikiri. Kwa haki, alifikiri kweli. "Cheti hicho ni cha mtu," alisema. "Hiki kwa sasa ni kifurushi kilichogandishwa ndani ya mali. Na mali yenyewe, ile nguo yenye picha ya... yule mnyama, nimekwisha kuiuza, pamoja na vyote vilivyoshikamana nayo. Mnunuzi alisisitiza maneno hayo. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni gundi."

"Mnunuzi ni nani?"

"Bwana Onésime Thériault. Akikubali yeye, mimi sina neno. Lakini tafadhali iwe kabla ya Ijumaa jioni. Mitambo inazimwa Alhamisi, na sakafu yenyewe inainama kuelekea mtoni."

Edmée alishukuru. Mlangoni akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Baba yako ni gundi."

Gaétan alivaa kofia yake, akaivua tena. Alikuwa na jambo la kusema, na alilinyamazia mpaka wakafika kwa Onésime, ambako lilikuwa likimngoja kwenye kaunta.

Onésime Thériault ana duka la chipsi kwenye njia panda, zile za kumwagiwa mchuzi na jibini. Zaidi ya hayo alikuwa mwenyekiti wa mashabiki, na mwandishi wa historia ya timu, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekiomba. Alimkaribisha Edmée kwa mikono miwili.

"Keti, shemeji. Nikuwekee chipsi? Za nyumba, hulipi."

"Nimekuja kumchukua Réal."

"Réal. Ndiyo." Onésime alifuta mikono, akamwonyesha kona penye friji ya soda. "Tazama pale. Nguo ya Fisimaji ukutani. Jezi ya Rosaire upande huu. Na Réal hapa chini, ndani ya kioo, na taa ndogo juu yake. Watu watatoka mbali, Edmée. Mchezaji wa kati pekee katika ligi nzima ambaye hajawahi kusogezwa."

"Hakuwa mchezaji. Alikuwa akiwatukana waamuzi."

"Kila timu ina kazi zake. Tangu tumemweka, tumeshinda mara ngapi?"

"Na mwenye timu akakimbia. Hilo nalo liandike."

"Nimeliandika. Nimesema aliitwa na shughuli."

"Onésime," Edmée alisema, na sauti ikashuka. "Yule ni mume wangu. Amelala pale hajaombewa ibada ya mwisho. Nataka alale kwenye udongo uliobarikiwa, na mimi nilale kando yake siku ikifika. Ukitaka kitu cha kioo, nitakupa mtungi wa mchanga. Nimeuombea vizuri sana, na hakuna mgeni atakayejua tofauti. Mimi mwenyewe sikujua."

"Historia haidanganyi, Edmée," alijibu yule mwandishi wa kombe la basi lililonasa. Akamtazama Gaétan juu ya bega la mama yake. "Halafu, mimi nadhani kwa mambo haya tumekwisha kuelewana kifamilia. Au bado hujamwambia mama?"

Edmée aligeuka.

"Amenipa kazi," Gaétan alisema. "Jumatatu ninaanza. Ya kudumu, Mama. Kuangalia hiyo kona, na mambo mengine mengine."

"Kwa hiyo umemuuza."

"Sijamuuza. Nimemwazima."

Wateja wawili waliokuwa wakila waliinamia sahani zao. Mmoja wao alikuwa Lucien wa bucha, ambaye baada ya yote aliyoyasababisha alikuwa na uso wa kuomba aongezewe jibini.

*

Nyumbani, Lisette ndiye aliyesema, kwa sababu Gaétan alikwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimepasuliwa tayari.

"Mama, nisikilize, na usinikasirikie mpaka nimalize. Baba hali. Sisi tunakula. Kiwanda hakiandiki mtu, wanafukuza. Pale kwa Onésime atapata mshahara kila Ijumaa, wala hatainua vitu vizito, mgongo wake unaujua. Na huyo Baba, tuseme ukweli, atatembelewa pale kuliko makaburini."

"Atatembelewa na watu wenye mchuzi vidoleni."

"Aliwapenda watu wenye mchuzi vidoleni."

Hilo lilikuwa kweli. Lisette alikausha mikono, akaikunjua mbele ya taa. Dawa za kufulia za hospitali zilikuwa zimeitoa ngozi kati ya vidole, na kwenye kiganja palikuwa na mpasuko uliofungwa kwa plasta ya watoto yenye rangi rangi.

"Sikuonyeshi ili unihurumie," alisema. "Nakuonyesha ili ujue nasemea nini."

Edmée aliishika ile mikono. Alikwenda kabatini akaleta mafuta ya ng'ombe, akayapaka polepole, kidole kimoja kimoja, kama alivyompaka Gaétan alipokuwa mdogo. Lisette alifumba macho.

"Najua unasemea nini," Edmée alisema. "Laiti ungekuwa mjinga, ningekushinda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ijumaa nitakwenda. Sina cha kumpa Gaétan badala ya mshahara. Nitakwenda nimwombe tu."

Usingizi alioulala siku zile unajulikana kwa Mungu. Alphonsine, kwa kulipa kosa lake, alileta pai ya nyama, akakumbuka mlangoni kwamba ni Kwaresima, akarudi nayo.

*

Ijumaa alasiri ukumbi ulijaa kuliko ulivyojaa kwa mechi yoyote ya msimu ule, kwa kuwa safari hii hakukuwa na tikiti. Barafu ilikuwa imelowa na kulegea, ikilia chini ya viatu. Watu walivaa skafu za timu. Walikuja watu wa kiwandani, walimu, na masista wawili waliosema wanapita tu. Bwana Whitcomb alisimama ukingoni akishikilia mbao, kwa sababu ya vile viatu. Padre Fournier alikuwa nyuma ya goli, stola yake ikichungulia mfukoni mwa koti.

Edmée alisimama pale pale uwanjani, hatua chache kutoka katikati, mkoba mikononi. Hakuna aliyethubutu kumwambia asimame kwingine.

Gaétan alipiga magoti. Alipasua barafu iliyobaki kwa patasi, akaikusanya pembeni, kisha akakata kingo za nguo kwa kisu na kuikunjua. Fisimaji akanyanyuka na maji yakimtiririka puani. Chini yake, kwenye tope jeupe, ulikuwepo mfuko, mpana na bapa, wa kijivu. Gaétan alipitisha mikono yote miwili chini yake kama mtu anayemnyanyua mtoto kutoka kwenye beseni la kuogea, akasimama nao.

Mashine ya Lucien, kila inapoziba mfuko, hubandika karatasi yake yenyewe. Haiulizi mtu. Karatasi ilikuwepo bado, imelowa, lakini maandishi yalisomeka mpaka safu ya kwanza ya viti: KULUNGU, BEGA, KILO TATU.

Mtu alicheka. Wa pili akacheka kwa sababu ya wa kwanza, kisha kicheko kikapanda viti kama wimbi, kikafika juu, kikajisikia aibu huko kikafa. Edmée alisoma ile karatasi. Aliisoma yote.

"Gaétan," alisema. Hakuinua sauti. "Nipe baba yako."

"Ndugu zangu," Onésime akasema kwa kipaza sauti, maana alikuwa amekuja nacho, pamoja na mpiga picha wa gazeti. "Ndugu zangu mashabiki. Timu hufa, historia haifi. Leo Réal Nadeau anatoka uwanjani akiwa hajafungwa. Kuanzia wiki ijayo mtamkuta kwangu, pale pale njia panda, na ukinunua chipsi sahani kubwa, kumwona ni bure. Na huyu hapa, damu yake, Gaétan wetu, ndiye atakayewapokea mlangoni."

Watu wakapiga makofi. Gaétan aliinamisha kichwa. Mama yake alikuwa mbele yake na mikono imenyooka.

"Mama, ngoja," alisema chini chini. "Ngoja amalize."

"Nangoja."

"Na hatawapokea hivi hivi," Onésime aliendelea. Aliashiria, na kutoka kwenye benchi la wachezaji likaletwa lile vazi la manyoya ambalo katika mechi zote alikuwa akilivaa mtu wa kuchekesha watoto: mwili wa kahawia, mkia, na kichwa kikubwa cha fisimaji chenye meno mawili na ulimi wa kitambaa. "Atawapokea akiwa Fisimaji mwenyewe. Nimelinunua na hili. Asubuhi mpaka jioni, barabarani, awapungie magari mkono. Sasa nani atapita bila kusimama?"

Kicheko kilichokufa kikafufuka, na safari hii hakikuona aibu. Bosi wa zamani wa Gaétan alicheka. Wavulana aliowafundisha kuteleza wakiwa wadogo, sasa wana ndevu, walicheka na kupiga mbao kwa ngumi. Ndiyo hayo yaliyokuwa mambo mengine mengine. Lisette, aliyekuwa amesimama kwenye mlango mdogo wa wachezaji, akaitia mikono yake kwapani.

"Ni kichwa tu," alisema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Mpiga picha alikuwa anataka mwanga kabla haujaondoka. Alimwomba Onésime asogee kushoto, akamwomba bibi mwenye mkoba atoke kwenye picha. Bibi mwenye mkoba hakutoka. Onésime akakibeba kile kichwa kwa masikio, akakileta, akakisukuma kifuani kwa Gaétan, juu ya mfuko.

"Kivae tukupige picha."

"Nimeshika," Gaétan alisema.

"Naona. Weka hicho chini, ushike kichwa."

Gaétan alitazama chini. Palikuwa na maji ya kijivu yanayotembea kuelekea mtoni, na rangi ya bluu ya mstari wa uwanja ikitembea nayo. Alitazama kichwa cha fisimaji, na ndani yake, penye shimo la shingo, palionekana jasho la miaka ya mtu mwingine.

"Weka hapo hapo, hataoza," Onésime alisema, akicheka na watu. "Gaétan. Unanisikia? Jumatatu nitakuita mara mbili hivi?"

Gaétan aliukumbatia mfuko, shati likalowa mpaka tumboni. Kile kichwa hakikuwa na wa kukishika, kikaanguka, kikabingirika kwenye tope la barafu. Akampita Onésime. Alipofika kwa mama yake alipunguza mwendo mpaka Edmée akashika upande mmoja wa mfuko, kisha wote wawili wakaenda hivyo, bega kwa bega, kwa hatua ndogo za kuogopa kuteleza, kuelekea lango kubwa la nyuma ambalo gari la kulainisha barafu lilikuwa likipitia. Padre aliwahi mbele akasukuma komeo. Onésime alimwita Gaétan kwa jina, halafu akalitaja neno mshahara kwenye kipaza sauti, likasikika ukumbi mzima. Lisette alibaki mlangoni mwa wachezaji akiitazama migongo yao mpaka theluji ya nje ikawameza. Ndipo akavaa glavu zake juu ya plasta, kulia kisha kushoto, akavuka uwanja katikati, akakiruka kile kichwa, na akatoka kwa lango lile lile la nyuma.